Nguzo Inayokunywa Maji

Uvumi wenyewe ulikuwa mfupi: kwamba kwenye lile jengo jipya la ghorofa tano mtaa wa San Hilarión, kuna nguzo inakunywa maji. Mvua ikinyesha, ukasimama pale chini yanapoegeshwa magari, unaisikia kabisa inameza.

Bi Eulalia aliusikia kwenye foleni ya tortila, ile mikate myembamba ya mahindi, kikapu mkononi na kitambaa begani. Aliyeusema ni mke wa fundi rangi, na aliusema kwa mzaha, maana foleni ilikuwa ndefu na mashine ilikuwa imekwama. Wanawake wakacheka. Mmoja akauliza kama nguzo hiyo hunywa maji matupu au hata tekila inapokea. Bi Eulalia hakucheka. Ghorofa ya pili ya jengo hilo, juu tu ya magari, ndiko alikoishi Zenaida, mtoto wake wa pekee, na tumbo la miezi saba, na mume dereva wa malori ambaye wiki hiyo alikuwa huko kaskazini mpakani.

Alijaribu kuupuuza. Alirudi nyumbani, akachambua maharage, akayatia jikoni, akajiambia kwamba watu wa mjini hawana kazi. Maharage yakachemka, na kila yalipobubujika alisikia nguzo inameza. Jioni alizima redio. Asubuhi aliamka na neno lilelile mdomoni: inameza.

Labda mwingine angesahau. Lakini Bi Eulalia, aliyeishia darasa la sita, alikuwa amewapikia mafundi ujenzi kwa miaka ishirini na miwili. Jiko lake lilishawekwa katikati ya mchanga na kokoto kwenye viwanja ambavyo hata idadi yake haikumbuki. Alimjua fundi anayepima saruji kwa ndoo na yule anayeipima kwa hamu ya kwenda nyumbani. Na jengo hilo alilijua pia. Alilipikia siku moja tu, siku ya sikukuu ya mafundi, na Zenaida alipokuwa akitafuta nyumba, ni yeye mama aliyesema, "Chukua pale. Wale vijana nawajua, nimewalisha."

Alasiri ya tatu mawingu yalijaa, na matone ya kwanza yalipoanguka alikuwa ameshafika. Alipita kati ya magari akaiendea nguzo ya tatu kutoka langoni, kwa sababu ndiyo pekee iliyokuwa na doa la unyevu karibu na sakafu. Akabandika sikio. Mwanzo hakusikia kitu ila moyo wake. Mvua ilipokolea, akasikia. Maji yalikuwa yanashuka ndani ya nguzo, yanakimbia, yanakata kona huko chini na kupotea.

"Mama?" Zenaida alikuwa ameshuka ngazi kwa ndara, mkono kiunoni. "Unafanya nini?"

"Njoo usikilize."

"Unasikiliza nguzo?"

"Njoo, mwanangu, weka sikio hapa."

"Mama, jirani yangu wa juu amenipigia simu. Ameniambia mama yako anakumbatia nguzo huku chini. Nimeshuka nikidhani umeanguka." Zenaida alicheka, lakini macho yake yalikuwa yanaangalia nani mwingine anaona. "Twende juu, umelowa."

"Kuna bomba humu ndani."

"Kila jengo lina mabomba."

"Siyo ndani ya nguzo! Nguzo ni ya zege na nondo. Ukipitisha bomba katikati, unabaki na ganda."

"Injinia anakuja Alhamisi," alisema Zenaida, akimshika mkono kama mtoto. "Wenye nyumba wamemwita kwa sababu ya lile tetemeko la mwezi jana. Kamwambie yeye."

Bi Eulalia alishika neno hilo kwa mikono miwili. Injinia. Mtu mwenye kusomea mambo haya.

Injinia mwenyewe aliitwa Ulises Barragán, mwanamume mwembamba mwenye miwani, na hakuwa mtu mbaya. Hilo lisemwe mapema. Alikuja Alhamisi na karatasi zake, akasimama palepale kwenye maegesho, wakazi wakiwa wamekaa kwenye viti walivyoshuka navyo. Alisema ametoboa vipande tisa vya zege kwenye kuta, ngazi na nguzo, akavipeleka maabara vikapondwa. Vingine vilikuwa na nguvu zaidi, vingine kidogo, kama ilivyo kawaida ya zege lolote. Akachukua tofauti hizo, akachukua na matetemeko makubwa na madogo yanayoweza kulipiga jiji letu lililojengwa juu ya tope la ziwa la zamani, akavitia vyote kwenye hesabu.

"Na jibu," alisema, "ni kwamba uwezekano wa jengo hili kuanguka katika miaka hamsini ijayo ni mmoja katika elfu tatu."

Watu walishusha pumzi. Mtu mmoja alipiga makofi. Bwana Fermín, mwenyekiti wa wenye nyumba, mstaafu wa posta aliyependa kusema kwamba hakuna barua iliyopotea mikononi mwake, alisimama kufunga kikao.

"Samahani, Injinia," alisema Bi Eulalia kutoka nyuma. "Hiyo namba inajua habari za bomba?"

"Bomba gani, mama?"

"Lililo ndani ya nguzo ya tatu."

Injinia alipekua karatasi. "Kwenye mchoro, bomba la maji ya mvua linashuka pembeni mwa nguzo, kwa nje."

"Liko wapi kwa nje? Nionyeshe."

Vichwa vikageuka. Kwa nje hakukuwa na bomba. Kulikuwa na rangi nyeupe na mstari wa njano wa kuonya magari.

"Linaweza kuwa limehamishiwa ukutani," alisema Injinia. "Hutokea. Lakini elewa, mama, hesabu za aina hii zimetengenezwa kwa ajili ya mashaka. Mashaka yote yamo humo."

"Hata la bomba?"

"Yote kwa jumla."

"Injinia, mimi ni mpishi. Nikitaka kujua chumvi ya sufuria ya maharage, nakoroga, naonja vijiko vitatu, nakuambia chumvi ya sufuria nzima. Hapo niko na wewe. Lakini hata nionje vijiko mia, ulimi hautaniambia kama sufuria imetoboka chini."

Kicheko kilizunguka viti. "Mpeni Bi Eulalia kofia ya ukandarasi!" alisema mmoja. "Na mwiko!" akaongeza mwingine. Injinia naye alitabasamu, kisha tabasamu likakaa vibaya, kama mtu aliyekanyaga kitu laini na hataki kuangalia.

"Vipande tisa ulivitoboa wapi?" aliendelea Bi Eulalia. "Nguzo ya tatu uliitoboa?"

"Hapo kulikuwa na gari. Tulichukua ya nne."

"Kulikuwa na gari!"

"Bi Eulalia," alisema Bwana Fermín, mikono nyuma, "kwa heshima zote, hapa wanazungumza wenye nyumba. Wewe ni mgeni wa binti yako. Tumemlipa mtaalamu, ametupa namba, namba ni nzuri. Tusianze kutafuta ubaya kwa tochi."

Zenaida alikuwa anaangalia ndara zake. Wakiwa ngazini alisema kwa sauti ya chini, "Umeniaibisha."

Siku iliyofuata Bi Eulalia alifunga chakula kwenye kitambaa, akapanda mabasi mawili hadi upande wa pili wa jiji, alikoambiwa kwamba Nicanor anajenga. Nicanor alikuwa fundi bomba. Alimkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akingoja saa ya kula.

"Bi Eulalia! Tangu utuache tumekonda. Huyu anayetupikia sasa anachemsha maji halafu anayaonyesha kuku kwa mbali."

"Kula kwanza, halafu nina swali."

"Ukisema hivyo chakula hakishuki. Uliza."

Aliuliza. Nicanor aliacha kutafuna.

"Ni kweli limo ndani," alisema mwishowe. "Mchoro ulisema nje. Mwenye jengo wa wakati ule akasema likikaa nje magari yataligonga, na litakula nafasi ya gari moja. Akasema liingizeni ndani ya nguzo, litapendeza. Na sisi tukaliingiza. Mama, usinitazame hivyo. Mtaani kwako ni nyumba ngapi zina bomba ndani ya nguzo? Tunafanya kila siku, ukuta unabaki msafi, mwenye nyumba anafurahi."

"Nyumba za ghorofa moja, Nicanor."

"Ndiyo."

"Hili lina tano."

"Najua kuhesabu, mama."

"Na kule chini linapokata kona kutoka?"

Nicanor alifuta mikono kwenye suruali. "Ringi, zile pete za chuma zinazofunga nondo, zilizuia. Tukazikata. Nondo mbili tukazipinda kidogo."

"Nguzo ngapi?"

"Mimi niliweka moja. Ile ya pembe ya nyuma alishika fundi mwingine, simjui alifanyaje. Siwezi kuapa kwamba hii ni nzima, wala ile."

"Na mkaguzi aliona nini?"

Hapo Nicanor alimtazama kwa namna ambayo Bi Eulalia hakuipenda. "Tulifunga mbao na kumwaga zege tarehe mbili Mei, mbio mbio, kwa sababu kesho yake ilikuwa sikukuu ya Msalaba. Unajua mwenyewe. Msalaba wa maua lazima usimikwe juu ya kitu kilichosimama, na siku hiyo hakuna fundi anayegusa koleo. Mkaguzi alikuja sikukuuni. Nguzo zimeshafungwa, muziki unapiga. Angekagua nini? Alikula, akasaini. Si wewe uliyempakulia, mama? Ule mchuzi wako wa pilipili na bata mzinga. Alirudia mara mbili."

Bi Eulalia alikumbuka. Alikumbuka mpaka karatasi yenyewe. Mkaguzi aliitandaza juu ya meza yake, kati ya sufuria na rundo la tortila, akasaini na kidole chenye mchuzi, na doa la hudhurungi likabaki pembeni mwa saini. Yeye akacheka. Akamwambia, "Sasa limepita hata kwangu." Aliona fahari siku ile.

"Njoo umwambie Injinia," alisema.

"Hapana."

"Nicanor, Zenaida ana mimba, analala juu ya—"

"Nina watoto watatu na sina kazi nyingine. Nikisema, nani ataniita tena? Umeuliza, nimekujibu. Asante kwa chakula." Na kweli hakula tena. Alikifunga upya, akamrudishia.

Kuanzia hapo zilifuata wiki mbili ambazo Bi Eulalia asingemtakia hata adui yake. Alikwenda ofisini kwa Injinia Barragán, akaketi kwenye kiti kilichokuwa chini kuliko meza, akamweleza yote bila kumtaja Nicanor. Injinia alisikiliza. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Tuseme nakuamini," alisema. "Niweke namba gani?"

"Namba ya nini?"

"Ya uwezekano kwamba fundi alipitisha bomba ndani ya nguzo akaficha. Zege nina kumbukumbu zake, maelfu ya vipande, miaka na miaka. Matetemeko nina kumbukumbu zake. Lakini mafundi hawaandiki madhambi yao mahali. Moja katika kumi? Moja katika elfu? Nikiandika namba yoyote, nimeitoa kichwani."

"Kwa hiyo umeweka ngapi?"

"Sijaweka."

"Usipoweka kitu, si umeweka sifuri?"

Nje muuza viazi vitamu alipita na filimbi yake.

"Sifuri nayo ni namba, Injinia. Na hiyo umeitoa wapi, kama si kichwani?"

"Mama," alisema, na safari hii alionekana amechoka kweli, "ukitaka kujua kilichomo ndani ya nguzo, hesabu haitakuambia. Inabidi kuifungua. Niletee ruhusa ya mwenyekiti, nitakuja na patasi mwenyewe."

Akakimbilia kwa mwenyekiti. Bwana Fermín alimpokea mlangoni bila kumkaribisha ndani. "Ruhusa ya kubomoa plasta? Kwa sababu ipi? Ripoti inasema jengo ni zima. Injinia akiandika kwamba ripoti yake ina mashaka, nitaruhusu."

Akarudi kwa Injinia. "Siwezi kuandika nina mashaka bila ushahidi," alisema Injinia. "Ushahidi uko ndani ya nguzo."

Akarudi kwa mwenyekiti. "Umeona?" alisema Bwana Fermín. "Hata yeye hana ushahidi."

Alikwenda na kurudi hivyo mara nne. Alikwenda ofisi ya serikali ya mtaa, akapewa namba ya foleni, na alipofika dirishani akaulizwa kama yeye ni mmiliki. Usiku na mchana alikuwa na hasira, na mbaya zaidi ni kwamba hakuna aliyemtukana. Wote walikuwa wapole. Wote walimwita mama. Kila mmoja alikuwa na mlango wake, na kila mlango ulifunguka kuelekea mlango wa mwenzake.

Zenaida naye aliacha kupokea simu zake kwa siku tatu. Alipopokea, waligombana.

"Unataka nini, Mama? Nihame? Niende wapi na tumbo hili? Hii ndiyo nyumba yangu."

"Njoo kwangu."

"Chumba kimoja, bafu nje. Kwa sababu umesikia maji!"

"Kwa sababu Nic— kwa sababu najua."

"Injinia amesema moja katika elfu tatu. Kuvuka barabara tu kwenda sokoni ni hatari kuliko hapa. Amesema hivyo mwenyewe."

"Barabara unaiona, Zena. Gari likija unaliona."

Zenaida alikata simu. Lakini Ijumaa mvua kubwa ilinyesha, na alishuka ngazi peke yake. Hakumwambia mama yake alichosikia. Alimpigia jioni, akasema tu: "Jumapili asubuhi mlango wa paa unakuwa wazi. Watu wanaanika nguo."

Bi Eulalia hakuuliza zaidi. Jumamosi nzima alichemsha maua ya rosela, kilo mbili, bila sukari, mpaka juisi ikawa nyekundu nzito ya kutia doa chungu. Kwa macho ya mpishi lilikuwa jambo rahisi. Ukitaka kujua maji yanapita wapi, yatie rangi.

Jumapili saa nne, jua limewaka, alipanda na ndoo mbili hadi juu kabisa, kwenye matangi ya maji na kamba za nguo. Wanawake wawili walikuwa wanaanika mashuka. "Bi Eulalia, unatuletea kinywaji?" "Hiki siyo chenu," alijibu, akakitafuta kile kitundu cha maji ya mvua kilichokuwa juu ya upande wa nguzo ya tatu, akamimina ndoo ya kwanza polepole, kisha ya pili.

Kule chini Zenaida alikuwa amesimama mbele ya nguzo, mikono juu ya tumbo. Jirani mmoja alikuwa anaosha gari lake. Kwanza maji mekundu yalitokea kwenye mfereji wa barabarani. Hilo peke yake lisingesema kitu. Kisha lile doa la unyevu karibu na sakafu likageuka rangi. Likawa la waridi, halafu jekundu, na usawa wa kiuno, kwenye ufa mwembamba kama uzi ambao hakuna aliyewahi kuuona, ukachoreka mstari mwekundu ukashuka.

"Mama yangu!" alipiga kelele mwosha gari. "Nguzo inatoka damu!"

Watu walishuka. Wengine na kandambili, mmoja na povu la kunyoa shavuni. Bwana Fermín alifika, akatazama nguzo, akatazama sakafu, na jambo la kwanza alilosema lilikuwa, "Na hii nani ataisafisha?"

Jumatatu Injinia Barragán alikuja na patasi kama alivyoahidi. Hakungoja karatasi. Alipiga mwenyewe, koti amelitundika kwenye kioo cha gari la mtu. Plasta ikaanguka, zege likaanguka kirahisi kuliko ilivyopaswa, na ndani likaonekana bomba la kijivu, nene kama mkebe wa maziwa ya unga. Zege lililobaki kila upande lilikuwa vidole vinne. Ringi zilikuwa zimekatwa. Nondo mbili zilikuwa zimepinda kuipisha kona, na kwa kuwa kona ilikuwa inavuja, kutu ilikuwa imezila mpaka zikabanduka kama maganda ya kitunguu.

Injinia alikaa chini kwenye vumbi. Baadaye aliagiza jeki za chuma na mirunda, na kabla ya saa tisa nguzo ilikuwa imezungukwa na magongo.

"Hesabu yangu haikuwa na kosa," alimwambia Bi Eulalia kwa sauti ndogo. Hakuwa anajitetea, alikuwa kama mtu anayejielezea mwenyewe. "Nimeirudia usiku kucha. Kila mstari ni sahihi. Ni sahihi kwa jengo lililo kwenye mchoro."

"Na sisi tunaishi kwenye lipi?" aliuliza Bi Eulalia.

Hapo ungedhani mambo yamekwisha. Bi Eulalia naye alidhani hivyo, na alilala vizuri usiku mmoja. Jumatano kilikuwa kikao kingine, magongo yakiwa nyuma ya viti. Injinia alisema nguzo zote kumi na moja zilizobaki lazima zifunguliwe, moja baada ya nyingine, na wakati huo watu wahame.

"Wahame kwa muda gani?" aliuliza Bwana Fermín.

"Miezi mitatu. Minne."

Manung'uniko yalijaa. Bwana Fermín aliinua mkono. "Injinia, tusikurupuke. Umepata nguzo moja mbaya, tutaitengeneza. Sasa tupe namba mpya."

"Namba haitasaidia."

"Tulikulipa kwa namba."

Injinia aliangalia karatasi zake kwa muda mrefu. Watu ishirini walikuwa wanamsubiri. "Labda moja katika mia mbili," alisema, "lakini hiyo nimeikisia, na haiwezi—"

Baada ya "mia mbili" hakuna aliyemsikia tena.

"Mia mbili!" alisema mwosha gari. "Bahati nasibu ya kanisa ina tiketi mia mbili, nanunua kila mwaka, sijawahi kushinda hata kuku."

"Mimi nilishinda mwaka jana," alisema mwanamke aliyeketi mbele yake. Watu wakacheka, naye hakuwa amesema ili wacheke.

"Hiyo si namba!" Injinia alikuwa amesimama. "Mnaniuliza kete itaangukaje, na mimi nawaambia sijui kete ina pande ngapi!"

"Injinia," alisema Bwana Fermín kwa upole ule ule, "mwezi uliopita ulijua."

Wakapiga kura. Tisa walitaka nguzo zifunguliwe. Kumi na moja walikataa. Bi Eulalia hakuwa na kura. Alisimama nyuma akiwatazama. Walikuwa wamepiga kura kuhusu nondo, kana kwamba nondo zingeshuka kuja kusoma matokeo.

Ndipo Zenaida alipoinuka, kwa shida, akishika kiti cha mbele.

"Injinia, nguzo ya pembe ya nyuma. Ile iliyo chini ya chumba changu. Imefunguliwa?"

"Bado."

"Namba inasemaje kuhusu hiyo?"

"Inasema ni nzima."

"Inasema ni nzima, au haijui?"

Injinia Barragán alivua miwani. "Haijui, Bi Zenaida."

"Asante," alisema Zenaida. Akamgeukia mama yake. "Mama, njoo unisaidie godoro."

Walishusha godoro, kisha masanduku, kisha kitanda cha mtoto kilichokuwa bado kwenye boksi lake. Watu watatu waliwasaidia, na mmoja wao alikuwa amepiga kura ya kukataa. "Mimi ningehama pia," alisema akiwa ameshika upande wa godoro, "ila mke wangu hataki." Mtoto, msichana, alizaliwa kwenye chumba kimoja chenye bafu nje.

Hiyo ni misimu mitatu ya mvua iliyopita. Nguzo ya tatu ilitengenezwa, ikapakwa rangi nyeupe na mstari wa njano. Zile kumi na moja hazijafunguliwa mpaka leo. Familia kumi na tisa bado ziko mle, na nyumba ya Zenaida imefungwa, hakuna aliyeinunua na hakuna aliyeipanga. Ving'ora vya tetemeko vimelia mara mbili, ardhi ikatikisika kidogo, watu wakashuka barabarani, wakarudi ndani.

Bi Eulalia hupita pale akienda kwenye tortila, kwa sababu hakuna njia nyingine. Bwana Fermín, akiwa mlangoni, humwamkia vizuri kabisa.

"Bi Eulalia! Mbona bado limesimama?"

Kila mara jibu humjaa kifuani. Angetaka kumwambia kwamba hata siku ile alipobandika sikio kwenye ganda la zege la vidole vinne, jengo lilikuwa limesimama vizuri tu. Angetaka kumwambia ahesabu watoto walio mle. Lakini mwenyekiti huwa ameshageuka, anachekacheka na mtu mwingine, naye anabaki na kikapu chake, ana hasira, anachelewa foleni.

Kwa hiyo, mnaojenga na mnaonunua, ya kuepuka ni haya:

Usiruhusu bomba lipite ndani ya nguzo, hata liwe jembamba, hata kama jirani alifanya hivyo na nyumba yake ipo.

Usimwage zege kwa haraka ya sikukuu.

Usimpakulie mkaguzi kabla hajakagua. Nguzo ikishafungwa, mbao zifunguliwe au asisaini.

Usikubali vipande vya kupimwa vitobolewe pale palipo rahisi kufika. Ondoa gari.

Usipokee namba ya mtaalamu kabla ya kumuuliza ni ya jengo lipi, na ni nini ambacho hakukihesabu kwa sababu hana kumbukumbu zake.

Usiache kusikiliza baada ya namba kutajwa.

Usipige kura kuhusu kitu kinachoweza kufunguliwa kikaonekana.

Usilaze mtoto juu ya nguzo yenye doa la unyevu.